Sufuria la Harusi ya Twahiru

Wageni walikuwa waje saa nane mchana. Saa sita Asiya alimfuata mumewe nyuma ya nyumba, karibu na bomba, akasimama pale kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

"Baba Houda, leo uende Kanyosha kwa dada yako."

"Anagonjwa?"

"Apana, ni muzima. Uende tu kumuona."

Hamissi alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria la shughuli, lile kubwa ambalo mtoto wa miaka kumi anaweza kujificha ndani. Alikuwa akilipitishia jivu kwa mara ya mwisho kabla halijapikiwa pilau la wageni. Kazi yake ilikuwa hiyo. Mtaa wote wa Buyenzi, watu wakishamaliza kula harusi, matanga au maulidi, masufuria yaliletwa kwake kwa mkokoteni yakiwa meusi, na yalirudi yakiwa meupe. Alisugua kwa jivu, mchanga mwembamba wa ziwani na kipande cha gunia. Nyuzi za chuma zinazouzwa dukani alizidharau. Alisema zinakwaruza sufuria halafu zinasingizia kuwa zimelisafisha.

"Nikae uko mpaka saa ngapi?" aliuliza.

Hilo ndilo swali pekee alilouliza. Asiya alikuwa amejiandaa kwa ugomvi tangu Jumatatu, na majibu yote alikuwa nayo. Ugomvi usipokuja, ilimbidi ajieleze mwenyewe bila kuulizwa, jambo ambalo ni gumu zaidi.

Alieleza. Kijana Ilyasi, ambaye jamaa zake ndio waliokuwa wakija leo kuposa, alipomuuliza binti yao Houda baba yake anafanya kazi gani, Houda alijibu kwamba yuko kwenye mambo ya traiteur. Traiteur ni yule anayepikia watu harusi kwa mkataba, mwenye gari lake na vijana wa kugawa chakula waliovaa shati jeupe. Ilyasi akampelekea mama yake habari hiyo. Na mama yake ni Khadidja, wa duka la vitambaa kule Quartier Asiatique, mwanamke ambaye harusi ya mwanawe wa kwanza, Twahiru, aliipikia kwa mikono yake mwenyewe, watu mia tatu, na tangu siku hiyo hakuacha kuisimulia.

"Donc leo baba ya mutoto atakuwa kaka yangu Massoudi," Asiya alimalizia. "Iko na koti. Iko na tai pia."

Hamissi alifikiri kidogo. "Na siku ya ndoa? Shehe ataniuliza mi, si Massoudi. Baba akiwa hai, ni yeye anaozesha."

"Ile siku tutaona."

"Shehe hasemaka 'tutaona'."

"Baba Houda, naomba leo tu. Leo tu."

Mlangoni, Houda alikuwa amekaa na bakuli la vitunguu saumu. Alikuwa anamenya kitunguu ambacho kilikwisha menywa. Baba yake aliona hilo, akanyanyuka, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko na kuchukua kofia yake.

"Caritas asiweke sufuria kwenye mawe mawili," alisema. "Ni matatu. Sufuria ikiinama, pilau inaiva upande moja."

Akapita mlango wa nyuma, akaenda.

Massoudi alifika saa saba, amenyoa, ananukia manukato mpaka kuku walihama. Kwa miaka mingi alikuwa amekaa nyuma ya dirisha la ofisi akigonga mihuri, na tangu astaafu alikosa watu wa kuwaambia wasubiri. Alijaribu kiti cha mwenye nyumba, akakisogeza kidogo kwenye mwanga, akakijaribu tena.

"Traiteur anasemaka nini?" aliuliza.

"Aseme kidogo," Asiya alimjibu. "Wakikuuliza kitu, sema 'ça dépend', kwamba inategemea."

"Ça dépend," Massoudi alirudia kwa sauti nzito. Ilimpendeza. Alisema mara tatu, mara ya mwisho akiwa ameshika tai.

Caritas, jirani aliyekuja kusaidia kupika, alichungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Sasa mi nitamuita nani uyu? Tonton Massoudi ao Baba Houda? Nisije nikakosea mbele ya watu."

"Umuite patron," alijibu Asiya.

"Ego, patron," alikubali Caritas, akarudi jikoni akicheka peke yake.

Saa nane ilifika bila wageni. Saa tisa pia. Pilau liliiva, likafunikwa kwa moto mdogo, na Massoudi alikunywa chai mbili akifanya mazoezi ya kuchoshwa na biashara. Wageni walishuka kwenye magari baada ya swala ya alasiri, watu kumi na wawili, wakisema mafuta ya gari yamekuwa shida. Kila mtu alikubali kwamba yamekuwa shida, na hakuna aliyeomba msamaha.

Hamissi, kule Kanyosha, alikuwa amekula mihogo na kusikiliza habari zote za dada yake, hata zile za mwaka jana. Alihesabu: wageni saa nane, chakula saa tisa, kwaheri saa kumi. Saa kumi na nusu aliingia kwa mlango wa nyuma akidhani nyumba ni yake tena.

Alipoona viatu vya watu vimejaa hadi barazani, alitaka kugeuka. Angegeuka kweli. Lakini Caritas alikuwa amekwisha pakua pilau, na sufuria lile, likiwa bado la moto, alikuwa amelimwagia maji baridi na kuliacha juani. Hamissi alilisikia likilia, tak, tak. Mtu mwingine angeweza kupita. Yeye alivua viatu, akakunja suruali, akamwaga maji yale na kuchukua gunia lake. Alisema moyoni atasugua polepole, hakuna atakayesikia. Kati yake na sebule kulikuwa na pazia tu.

Sebuleni, mshenga wa upande wa kijana, mzee mwenye sauti ya kupendeza, alimaliza hotuba yake. Alisema wamepita bustani nyingi wakaona ua moja, na kwamba ua hilo liko katika nyumba hii. Watu walicheka pale panapochekwa. Massoudi alijibu kwamba ua lipo. Sinia zikaletwa.

Khadidja alionja pilau kwa ncha ya vidole kabla ya kula, kama fundi anayegonga ukuta. Alikuwa mrefu, mwenye mtandio wa kijani, na hakuna aliyeanza kula mpaka alipotikisa kichwa.

"Ni nzuri," alisema. "Chini ya sufuria hakukuungua. Mi hilo ndilo naangaliaka. Mupishi anajulikana kwa chini. Harusi ya Twahiru, masufuria matatu, hakukuwa ukoko hata wa kupaka kwenye kidole."

Wifi yake, Yasmina, aliyekaa pembeni yake, alikohoa. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na kikohozi chake kilikuwa na maneno ndani. Kwa miaka minne alikuwa akijiuliza kwa nini siku ile ya Twahiru sahani yake ilikuja imechelewa, na ina punje za kuhesabika. Lakini leo alimgeukia mwenye nyumba.

"Patron, we traiteur utatufundisha. Harusi ya watu mia tatu, unawekaka muchele kilo ngapi?"

"Ça dépend," alisema Massoudi.

"Inategemea nini?"

"Inategemea watu."

"Watu nimesema. Mia tatu."

Massoudi aligusa tai. Asiya, kwenye mkeka wa wanawake, aliomba Mungu awazimie taa, akakumbuka kwamba ni mchana.

"Watu mia tatu," Massoudi alisema, "kilo mia tatu." Aliona hesabu imekaa vizuri, akaongeza: "Kila mutu na kilo yake."

Tonge la Khadidja lilisimama njiani. Mshenga aliangalia dari.

"Na mafuta?" aliuliza Yasmina kwa upole mwingi.

"Mafuta pia."

"Thelathini na sita!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Ndipo watu walipogundua kwamba kulikuwa na mkwaruzo wa kitu tangu mwanzo, kwa sababu sasa ulikuwa umenyamaza.

"Kilo thelathini na sita," sauti iliendelea, kama mtu aliyejizuia akashindwa. "Arobaini kama vijana ni wengi. Mia tatu! Ile itakulisha mukoa muzima, na sufuria yake hakuna mutu ataibeba!"

"Nani uyo?" Khadidja aliuliza.

"Ni mutu wa masufuria," Asiya alisema haraka. "Anaoshaka masufuria uko nyuma. Ni muzuri, ila anapenda kuingilia."

"Nitamufukuza kazi," alisema Massoudi, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana traiteur wa kweli.

Houda alikuwa amesimama katikati ya sebule na sinia la glasi za maji ya matunda. Alichuchumaa, akaliweka sinia chini taratibu, moja kwa moja kwenye mguu wa mshenga, ambaye kwa adabu hakusema kitu.

"Hawezi kufukuzwa," alisema. "Iko kwake. Ni baba."

"Baba gani?" aliuliza Yasmina.

"Baba yangu. Uyu ni tonton Massoudi. Baba yangu ni ule anaosha masufuria, na traiteur ni mi nilidanganya. Ilyasi hajui. Mama naye alikuwa ananifunikia. Ni ivyo tu."

Asiya alijifunika uso kwa upindo wa nguo yake, kisha akaacha jicho moja nje kwa sababu alitaka kuona. Massoudi alilegeza tai.

"Yemwe!" Yasmina alishangaa, akapiga makofi mara moja. "Mais aingie, tumuone! Baba ya mutoto atabaki jikoni na majivu?"

Hamissi aliinua pazia. Suruali ilikuwa imekunjwa hadi magotini, na mikono ilikuwa ya kijivu hadi kwenye viwiko. Alisema asalam aleikum. Kwa kuwa viganja vilikuwa vichafu, alinyoosha kifundo cha mkono, kama watu wa kazi wanavyofanya, na wageni kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine, walimshika kifundo. Baadhi walikishika kwa vidole viwili tu. Mzee mmoja alijifuta kwenye kanzu baadaye, akidhani haonekani.

Khadidja alikuwa wa mwisho. Alikishika kifundo na hakukiacha mara moja. Alikuwa akimtazama mtu huyu kama mtu anayetazama bahasha yenye jina lake.

Siku ya harusi ya Twahiru, sufuria la tatu liliungua. Moto ulikuwa mkubwa, na yeye alikuwa ameitwa kupiga picha. Alilifunika kwa kitambaa, akawaambia watu kwamba nyama imechelewa, akagawa masufuria mawili kwa mkono wa kubana. Kesho yake asubuhi alilifunga lile la tatu kwa kamba, mfuniko na yote, akalituma kwa mkokoteni kwa msugua masufuria ambaye hakuwahi kumuona. Lilirudi baada ya siku mbili likiwa jeupe. Tangu hapo Khadidja alikuwa akisubiri maneno yarudi pia, kwenye harusi za watu, sokoni, hata msikitini. Hayakurudi. Miaka minne alikuwa amejisifu akiwa na wasiwasi, na hiyo ndiyo sababu alijisifu sana.

"Kumbe ni weye," alisema Yasmina. Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa. Si mwanamke mbaya, ila alikuwa amekula punje za kuhesabika. "Masufuria ya Buyenzi yote yanapitaka kwako?"

"Mengi, mama."

"Na yale ya harusi ya Twahiru?"

"Yalipita."

"Bon. Sasa tuambie, baba, hapa tuko familia. Yale masufuria matatu yalikuja vipi? Chini kulikuwa aje?"

Khadidja aliachia kile kifundo, akashika ncha ya mtandio wake na kuikunja, akaikunja tena. Nyuma ya watu, Asiya alikuwa akimwambia mumewe kwa midomo tu, bila sauti: sema yalikuwa safi. Houda alitazama sakafu. Alijua kwamba baba yake akisema neno moja baya, mama yake Ilyasi atanyanyuka na mtandio wake wa kijani na kwenda, na ndoa itakwenda naye. Alijua pia kwamba baba yake hajui kudanganya. Saa sita aliona aibu kwa sababu ya kazi ya mikono yake. Sasa aliogopa kwa sababu ya kinywa chake.

Hamissi alikumbuka sufuria lile vizuri sana. Alikumbuka kamba na fundo lake. Hakukuwa na sufuria Buyenzi ambalo hakulikumbuka: nani alitia maji mengi, nani alinunua nyama ya mifupa, matanga gani watu walikula vizuri na matanga gani hawakushiba. Alikuwa na mtaa mzima kichwani, upande wake wa chini.

"Mama," alimwambia Yasmina, "mi sufuria nikishaiosha, nasahau."

"Hata kidogo haukumbuki?"

"Nakumbuka ya leo. Ya leo iko uko nyuma, na kuna mutu ameimwagia maji ya baridi ikiwa ya moto."

"Pardon, patron!" alipiga kelele Caritas kutoka jikoni.

Mshenga alicheka kwanza, labda kwa sababu ya mguu wake, kisha wakacheka wengine. Yasmina alijaribu kubaki na uso wake, akashindwa. Khadidja hakucheka. Aliachia ncha ya mtandio, akamgeukia Massoudi.

"Tonton, ile kiti si ya mwenye nyumba?"

Massoudi alinyanyuka, akakipangusa kiti kwa leso yake.

"Nitaichafua," alisema Hamissi.

"Ichafuke," alisema Khadidja. Kisha akamtazama Houda kwa muda ambao Houda aliuona mrefu. "We binti, kudanganya umedanganya. Mais umejitoa mwenyewe mbele ya watu kumi na wawili. Mi nimezaa wawili, na hakuna hata moja angeweza. Leta maji ya matunda, nimekaukiwa."

Mshenga aliomba radhi, akasema kuna tatizo la utaratibu. Maneno yote aliyoyasema aliyasema kwa mtu asiye baba, kwa hiyo hayakufika. Ilimbidi ayaseme upya. Akasimama, akaanza tangu mwanzo: bustani nyingi, ua moja. Watu walicheka pale pale walipocheka kwanza, safari hii kwa nguvu zaidi. Hamissi alisikiliza akiwa amenyoosha mikono yake ya majivu mbele, isiguse kiti wala nguo, kama anayeota moto. Alipoulizwa kama ua lipo, alisema liko, lakini liulizwe lenyewe. Houda alisema ndiyo kwa sauti ndogo sana, akarudishwa aseme tena.

Walizungumza tarehe. Khadidja alisema atapika mwenyewe. Yasmina alikohoa, ila kikohozi cha kawaida.

"Na masufuria?" aliuliza mshenga. "Uyu fundi yuko, shida imeisha."

"Siku ile mi niko na kiti," alisema Hamissi. Hakupandisha sauti. "Siku ingine yoyote mutaniletea. Ile siku, apana."

Watu walitafakari. Mmoja baada ya mwingine, bila kupanga, walimgeukia Massoudi, na koti lake, na tai yake.

"Ça dépend," alisema Massoudi.

Wageni walipotoka, Asiya alibaki na mumewe sebuleni. Alikuwa na mengi ya kusema, akaanza na dogo kuliko yote.

"Kiti kimechafuka kweli."

"Nilisema."

"Nitakifuta." Hakukifuta. Alikaa juu yake, palepale penye majivu, na nguo yake ya wageni. "Dada yako ni muzima?"

"Ni muzima. Amekusalimia. Nilimwambia umenituma kumuona, alifurahi sana."

Asiya alishika kichwa, akacheka mpaka akatoa machozi. Hamissi alimwacha hapo na kurudi nyuma kwenye sufuria lake, maana lilikuwa linakauka.

Hakuwa amesugua sana alipoona mtandio wa kijani ukipita kwenye kichochoro. Khadidja alisema amekuja kunawa mikono bombani. Alinawa, akajipangusa, hakuondoka. Akainama juu ya sufuria, upande uliokwisha kusuguliwa. Alijiona humo, akarekebisha mtandio juu ya sikio.

"Vilikuwa vidole viwili," alisema chini chini. "Ule ukoko. Ile siku."

"Siku gani, Mama Twahiru?"

Khadidja alimtazama. Kisha alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi cha puani. Barabarani walikuwa wakimwita, wakisema mafuta yanaishia kwenye kungoja. Akaenda.

Hamissi alingoja mpaka aliposikia milango ya gari imefungwa yote. Akachota jivu, akalieneza chini ya sufuria kwa kiganja.

"Vitatu," aliliambia.

"Vitatu nini?" aliuliza Asiya, aliyekuwa anatoka na sahani.

"Apana kitu. Leta mchanga."